Mafunzo Mseto katika Ufundishaji wa Kiswahili Chuo Kikuu: Mambo Sita Tuliyojifunza Nchini Uganda

1. Utangulizi

Kwa miaka mingi somo la Kiswahili katika vyuo vikuu vya Uganda lilifundishwa kwa njia moja: mwalimu mbele ya ubao, wanafunzi kwenye madawati, daftari na kalamu mikononi. Leo hali imebadilika. Sehemu ya kozi hufundishwa ukumbini na sehemu nyingine hupitia mtandaoni, na kila dalili inaonyesha kwamba utaratibu huu utaendelea. Wapo walimu walioupokea kwa furaha, wapo walioupokea kwa shingo upande, na wapo ambao bado wanauona kama dawa ya muda iliyoletwa na maradhi ya muda.

Lengo la makala haya ni kueleza mafunzo mseto ni kitu gani, yalivyoingia katika vyuo vyetu, na mambo sita ambayo sisi tunaofundisha Kiswahili tumejifunza kwa kuyatumia. Mwishoni tunataja matatizo ambayo hayajatatuliwa na kutoa mapendekezo.

Suala hili si la mitambo tu. Wengi wa wanafunzi wetu wanaandaliwa kuwa walimu wa shule za sekondari. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza kutekelezwa mwaka 2020, umelifanya somo la Kiswahili kuwa la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili. Mwanafunzi anayehitimu shahada bila kusikilizwa akizungumza ndiye atakayesimama kesho mbele ya darasa zima la watoto wa Soroti, Kitgum au Mbarara ambao hawana mahali pengine pa kukisikia Kiswahili sanifu. Makosa yake yatakuwa kanuni kwao. Kwa hiyo swali la msingi si kama tuingie mtandaoni au tusiingie. Swali ni hili: tukiingia, mwanafunzi atakisemea wapi Kiswahili, na nani atamsikiliza?

2. Maana ya istilahi

Istilahi tatu huchanganywa mara kwa mara, hivyo ni vyema tuzitenganishe.

Mafunzo ya masafa ni yale ambayo mwalimu na mwanafunzi wako mbali kwa sehemu kubwa ya kozi. Njia inayotumika inaweza kuwa vitabu vya moduli, redio, kanda au mtandao. Mafunzo ya mtandaoni ni yale yanayotegemea intaneti katika kutoa masomo, kazi na masahihisho. Mafunzo mseto ni mpangilio unaounganisha vipindi vya ana kwa ana na kazi za mtandaoni ndani ya kozi moja, kila upande ukiwa na kazi yake. Kuweka nukuu za mhadhara mtandaoni baada ya kuzisoma ukumbini si mafunzo mseto. Huko ni kuhamisha karatasi tu.

Aidha, kazi za mtandaoni ziko za namna mbili. Kuna za papo kwa papo, ambapo wote hukutana kwa wakati mmoja, mfano katika mkutano wa video. Kuna pia za kila mmoja kwa nafasi yake, ambapo mwanafunzi husoma, husikiliza au hujibu kwa wakati unaomfaa katika muda uliopangwa. Tofauti hii ni muhimu sana katika mazingira yetu, kama tutakavyoona.

Wataalamu wametupatia vipimo vya kusaidia. Michael Moore, katika andiko lake la mwaka 1989, alitenganisha mahusiano matatu: mwanafunzi na maudhui, mwanafunzi na mwalimu, na mwanafunzi na mwanafunzi. Mwaka 2000, Garrison, Anderson na Archer walieleza kwamba darasa la mtandaoni huhitaji uwepo wa aina tatu: wa kifikra, wa kijamii na wa ufundishaji. Kwa mwalimu wa lugha, vipimo hivi vinakumbusha jambo moja: kusoma maudhui ni theluthi moja tu ya kazi. Lugha huishi katika theluthi mbili zinazobaki.

3. Yalivyoingia kwetu

Elimu ya mbali si ngeni Afrika Mashariki. Chuo Kikuu cha Makerere kilianzisha programu yake ya shahada za nje mwaka 1991. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992. Mwaka 1997 ulianza mradi wa Chuo Kikuu Pepe cha Afrika, ambao baadaye uliweka makao yake Nairobi. Programu ya Moodle, ambayo toleo lake la kwanza rasmi lilitoka mwaka 2002 chini ya Martin Dougiamas wa Australia, ilipokewa na vyuo vingi vya kanda hii kwa kuwa haina malipo ya leseni. Makerere hutumia mfumo uliojengwa juu ya programu hiyo.

Hata hivyo, kwa walimu wengi wa Kiswahili mifumo hiyo ilibaki kuwa jina tu hadi mwaka 2020. Mnamo Machi mwaka huo taasisi zote za elimu Uganda zilifungwa kwa sababu ya UVIKO-19. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho waliruhusiwa kurudi vyuoni Oktoba 2020, wengine wakafuata kwa awamu. Juni 2021 taasisi zilifungwa tena. Vyuo vikafunguliwa Novemba 2021 na shule Januari 2022. Katika kipindi hicho Baraza la Taifa la Elimu ya Juu lilitoa mwongozo wa dharura wa masomo huria, ya masafa na ya mtandaoni. Walimu ambao hawakuwahi kufungua ukurasa wa kozi walijikuta wakifundisha ngeli kwa simu.

Wakati huohuo hadhi ya Kiswahili ilikuwa ikipanda. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikitaja kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda. Novemba 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Mahitaji ya walimu yaliongezeka wakati uleule ambapo njia ya kuwaandaa ilikuwa ikibadilika. Ndiyo maana mambo tunayoyaeleza hapa hayawezi kuachiwa mafundi wa kompyuta peke yao.

4. Mambo tuliyojifunza

4.1 Ukumbi na mtandao vigawane kazi

Mwanafunzi wa Dar es Salaam au wa Unguja akitoka darasani hukutana na Kiswahili kwenye daladala, sokoni na nyumbani. Mwanafunzi wetu akitoka darasani hukutana na Kiganda, Kinyankole, Kiteso, Kiacholi, Lugbara au Kiingereza. Kwa wengi, ukumbi wa mhadhara ndio mahali pekee ambapo Kiswahili husemwa kwa kirefu. Kumpunguzia saa za ukumbini bila kumpa mahali pengine pa kusemea ni kumnyang'anya sehemu hiyo pekee.

Kutokana na hali hiyo tumefikia kanuni hii: kinachoweza kusomwa au kusikilizwa mtu akiwa peke yake kiende mtandaoni, kinachohitaji mdomo na sikio la mtu wa pili kibaki ukumbini. Maelezo ya historia ya usanifishaji, majedwali ya ngeli, orodha za msamiati na mifano ya uchambuzi wa sentensi husomwa kabla ya kipindi. Saa za ukumbini hutumika kwa mazungumzo, mijadala, maigizo mafupi, usomaji wa sauti na ufundishaji wa majaribio. Mwalimu anayetumia saa 2 za ana kwa ana kusoma nukuu ambazo tayari ziko mtandaoni anapoteza mara mbili: wanafunzi huacha kuhudhuria, na huacha pia kusoma.

Kanuni hii ina sharti moja. Kipindi lazima kianze na zoezi fupi linalotegemea kilichosomwa. Maswali 3 ya dakika 5 yanatosha. Pasipo hapo, desturi ya kusoma kabla haitajengeka.

4.2 Sauti itangulie picha

Wengi walipoanza walidhani kwamba darasa la mtandaoni maana yake ni mkutano wa video. Kwa mazingira yetu video ni njia ghali kuliko zote. Saa moja ya mkutano wa video inaweza kula megabaiti mia kadhaa za bando, hata kukaribia gigabaiti moja, wakati ujumbe wa sauti wa dakika moja ni mwepisi kiasi cha kupita hata pale mtandao ulipo dhaifu. Isitoshe, katika mkutano wa video mwalimu ndiye huzungumza na wanafunzi huzima vipaza sauti vyao. Kipindi huisha bila mtu kutamka sentensi moja.

Ujumbe wa sauti umebadilisha hali hiyo. Zoezi ni jepesi. Kila wiki mwanafunzi hurekodi dakika moja ya mazungumzo huru juu ya mada iliyotolewa, bila kusoma karatasi, na kuituma. Mwalimu husikiliza na kumjibu kwa sauti, akitaja jambo moja zuri na matamshi mawili ya kurekebisha. Mwanafunzi hurekodi tena.

Faida yake inaonekana waziwazi katika matamshi. Katika Kiganda, herufi r na l hazitofautishi maana. R huandikwa baada ya i na e, na l mahali pengine. Kinyankole hutumia r pale Kiswahili kinapotumia l. Matokeo yake ni kwamba kalamu na karamu huwa neno moja, na mahali huwa mahari. Kiacholi hakina s ya asili, hata sukari huitwa cukari. Hivyo mzungumzaji wake anaweza kusema chawa akikusudia sawa. Wazungumzaji wa lugha zetu nyingi huidondosha h, na hapo tatizo si la lafudhi tena bali la maana: hatakuja na atakuja ni majibu mawili yanayopingana.

Makosa haya hayaonekani katika mtihani wa kuandika. Katika ukumbi wa wanafunzi 60 mwalimu hawezi kumsikia kila mmoja kila wiki. Kwa ujumbe wa sauti, kila mmoja husikika, hata yule mwenye haya ambaye hajawahi kunyoosha mkono. Hapa ndipo mtandao unaposhinda ukumbi, na ni vyema tukiri hivyo.

4.3 Lugha ya mama ya mwanafunzi ni nyenzo

Vifaa vingi vya kujifunzia Kiswahili vilivyomo mtandaoni vimeandikwa kwa ajili ya Wazungu na Wamarekani. Huanza na Kiingereza na huchukulia kwamba ngeli ni jambo la ajabu. Mwanafunzi wetu anayezungumza lugha ya Kibantu hahitaji kuambiwa kwamba nomino huwa na makundi, amezaliwa nayo. Kwa hiyo ni lazima tuandae vifaa vyetu wenyewe, na katika kuviandaa tumeona manufaa ya kulinganisha moja kwa moja bila kupitia Kiingereza.

Tutoe mifano. Mzungumzaji wa Kiganda anajua ekitabo kyange na ebitabo byange. Kitabu changu na vitabu vyangu havimpi shida. Anajua okukuba essimu na okukuba ekifaananyi, yaani kwa kitenzi kilekile cha kupiga. Basi kupiga simu na kupiga picha vinapaswa kumjia bila jasho. Lakini akipitia Kiingereza ataandika "kuchukua picha". Kosa hilo linatokana na njia aliyopitishwa, kwani lugha yake ingemfikisha salama.

Kwa upande mwingine, kulinganisha huonyesha pia palipo na mtego. Katika Kiganda mnyama hufuata upatanisho wa ngeli ya jina lake: embwa yange egenze. Mwanafunzi huandika "mbwa yangu imekwenda", ilhali Kiswahili sanifu hudai mbwa wangu amekwenda. Anaposhika kanuni hiyo hukutana na ndugu yangu na rafiki yangu, akadhani mwalimu anajipinga. Vilevile udogo katika Kiganda huonyeshwa kwa ka- na bu-, kama akatabo na obutabo; Kiswahili sanifu husema kijitabu na vijitabu.

Majedwali ya namna hii, ukurasa mmoja kwa kila somo, yakiwekwa mtandaoni husomwa na kurudiwa kuliko sura nzima ya kitabu cha sarufi. Wanafunzi wanaozungumza lugha zisizo za Kibantu, kama vile Kiteso, Kiacholi na Lugbara, huandaliwa majedwali yao, kwa sababu kwao ngeli ndiyo mlima wenyewe. Kazi ya kuyatunga inaweza kufanywa na wanafunzi wa mwaka wa tatu chini ya usimamizi, na kwao ni zoezi zuri la isimu linganishi.

4.4 Majadiliano hayajiendeshi

Kundi kubwa la WhatsApp la darasa zima huwa na wasemaji wachache na wasikilizaji wengi. Baada ya wiki mbili hugeuka kuwa ubao wa matangazo, na baada ya mwezi huwa la salamu za sikukuu. Aidha, lugha yake huhama polepole kutoka Kiswahili hadi Kiingereza chenye vipande vya Kiswahili.

Majadiliano huzaa matunda yakiwekewa mambo manne. Kwanza, vikundi viwe vidogo, watu 5 au 6. Pili, kila mmoja awe na wadhifa: mwenyekiti, katibu, msemaji, na mhakiki wa lugha ambaye kazi yake ni kusahihisha kwa upole. Nyadhifa zizunguke kila wiki. Tatu, swali liwe na pande mbili za kweli, kwa mfano: Je, mwalimu wa kidato cha kwanza afundishe Kiswahili kwa Kiswahili tu, au atumie pia lugha ya watoto? Swali la "taja sifa tano" halijadiliwi, hunakiliwa. Nne, kuwe na mwisho unaojulikana: siku 3 za kujadili, siku ya nne katibu awasilishe aya moja, na kipindi cha ukumbini kianze na aya hizo.

Mwalimu naye asiwe mbali wala asiwe karibu mno. Akijibu kila ujumbe, wanafunzi humwachia uwanja. Akinyamaza wiki nzima, nao hunyamaza. Kuingia mara moja kwa siku, kwa muda uliotangazwa, kumeonekana kutosha.

4.5 Masahihisho yawe machache na yaje mapema

Insha iliyorudishwa baada ya mwezi ikiwa imejaa wino mwekundu haimfundishi mtu. Mwanafunzi hutazama alama na kuikunja. Mtandaoni hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa ni rahisi kutoisoma kabisa.

Utaratibu unaofaa ni wa alama za mkato. N husimama badala ya kosa la ngeli na upatanisho, W la wakati na hali ya kitenzi, T la tahajia, M la mpangilio wa sentensi. Mwalimu huweka alama pembeni mwa mstari bila kuandika jibu. Mwanafunzi hutafuta kosa mwenyewe, hulirekebisha na kurudisha kazi katika siku 2. Katika kila insha mwalimu hushughulikia aina mbili tu za makosa, zilezile zilizofundishwa wiki hiyo. Makosa mengine husubiri zamu yake.

Jambo dogo la kuongezea hapa ni kibodi ya simu. Simu nyingi huja zikiwa zimewekewa Kiingereza, na hubadili maneno ya Kiswahili bila ruhusa ya mwandishi. Katika wiki ya kwanza ya muhula wanafunzi waonyeshwe jinsi ya kuweka Kiswahili katika kibodi au kuzima urekebishaji huo. Ni kazi ya dakika 10 inayookoa alama nyingi za T.

4.6 Tathmini ibadilike

Tangu mwishoni mwa mwaka 2022, programu za akili unde zinazoandika na kujibu maswali zimekuwa mikononi mwa wanafunzi. Kiganda nacho kiliongezwa katika huduma ya tafsiri ya Google mwaka 2022. Kiswahili kilikuwamo kabla ya hapo. Insha ya nyumbani juu ya "umuhimu wa Kiswahili Afrika Mashariki" haipimi tena chochote. Mashine huiandika kwa sekunde chache, mara nyingi kwa Kiswahili kisicho na kosa la ngeli wala ladha ya mahali.

Wapo wanaopendekeza kurudi kwenye mtihani wa ukumbini peke yake. Hoja yao ina uzito, lakini mtihani wa saa 3 haupimi usemaji wala utafiti. Sisi tunaona njia tatu zinazofaa kuunganishwa.

Njia ya kwanza ni kazi inayotoka kwa watu. Mwanafunzi hutumwa sokoni, kituo cha bodaboda au kijijini kwao kukusanya maneno yenye asili ya Kiswahili yanayotumika katika lugha ya pale. Kiganda kina emmeeza, essaawa, ssukaali na mengine mengi. Mwanafunzi hueleza nani alilisema neno, katika sentensi gani, na maana yake imebadilika vipi. Ushahidi huo haumo katika mashine.

Njia ya pili ni kuhifadhi hatua. Mwanafunzi huwasilisha mpango, rasimu ya kwanza yenye masahihisho, na rasimu ya mwisho, na kila hatua hupewa sehemu ya alama.

Njia ya tatu ni utetezi wa mdomo. Baada ya kuwasilisha, mwanafunzi huulizwa maswali juu ya kazi yake kwa dakika 5, ana kwa ana au kwa simu ya sauti. Kwa darasa la wanafunzi 60 hizo ni saa 5 tu, na zikigawanywa kwa walimu wawili ni asubuhi moja. Aliyeandika hujulikana, na aliyeandikiwa hujulikana vilevile. Lililo kubwa zaidi ni kwamba kila mwanafunzi huwa amezungumza Kiswahili cha kitaaluma angalau mara moja kwa muhula mbele ya mtu anayemsikiliza.

Hatusemi kwamba mashine zipigwe marufuku. Zoezi zuri la darasani ni kuipa mashine aya ya Kiganda au ya Kiingereza, kisha wanafunzi wakaihakiki tafsiri yake neno kwa neno. Anayeweza kuisahihisha mashine ameivuka. Asiyeweza bado anaihitaji, na mtihani utasema hivyo.

5. Matatizo yaliyobaki

Tatizo la kwanza ni gharama. Tangu Julai 2021 bando la intaneti Uganda hutozwa kodi ya asilimia 12, na kwa mwanafunzi anayejilipia karo hiyo si hela ndogo. Umeme nao hukatika, na vijijini wapo wanaolipia kuchaji simu dukani. Ndiyo maana kazi ya kila mmoja kwa nafasi yake ifanywe kuwa kawaida, na mkutano wa papo kwa papo uwe wa nadra, mfupi, na wenye rekodi ya sauti kwa waliokosa.

Tatizo la pili ni kwamba mtandao unaweza kukosekana kabisa. Januari 2021, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kote kwa siku kadhaa. Kozi inayotegemea waya mmoja husimama waya huo unapokatwa. Kijitabu cha moduli kilichochapwa, pamoja na faili za sauti katika flashi au kadi ya simu, vinapaswa kuwepo tangu wiki ya kwanza.

Tatizo la tatu ni la nyumbani. Mwanafunzi aliye nyumbani huhesabiwa kuwa hana kazi. Wasichana hasa huitwa jikoni, kisimani na kulea wadogo zao katikati ya kipindi. Tarehe za mwisho zinazotoa siku kadhaa badala ya saa kadhaa huwasaidia sana.

Tatizo la nne ni la walimu wenyewe. Kusikiliza sauti 60 kwa wiki ni saa nyingi za kazi, na mara nyingi saa hizo hazihesabiwi katika mzigo wa ufundishaji. Mwalimu asiyehesabiwa kazi hiyo ataiacha, na akiiacha tutarudi kwenye nukuu zilizohamishwa.

6. Hitimisho na mapendekezo

Katika makala haya tumeeleza kwamba mafunzo mseto ni mgawanyo wa kazi kati ya ukumbi na mtandao, na kwamba kwa Kiswahili cha Uganda kipimo cha mgawanyo huo ni nafasi ya mwanafunzi kusema na kusikilizwa. Kutokana na hayo tunapendekeza yafuatayo:

(a) Idara za Kiswahili ziweke zoezi la sauti la kila wiki kuwa sehemu ya alama za kozi za lugha.

(b) Walimu washirikiane kutunga majedwali ya kulinganisha Kiswahili na lugha za Uganda, na kuyatumia kwa pamoja vyuoni.

(c) Utetezi wa mdomo uambatane na kila kazi kubwa ya kuandika.

(d) Saa za kusahihisha mtandaoni zihesabiwe katika mzigo wa mwalimu.

(e) Kila kozi ya mtandaoni iwe na nakala yake isiyohitaji intaneti.

(f) Wanafunzi wanaokwenda mazoezi ya kufundisha wafundishwe pia kutumia simu ya kawaida na redio katika somo la Kiswahili, kwa kuwa shule nyingi watakazopangiwa hazina kompyuta za kutosha.

Mwenda pole hajikwai. Hakuna idara itakayotekeleza yote katika muhula mmoja, wala hakuna ulazima wa kufanya hivyo. Mwenye nafasi ya jambo moja tu tunamshauri aanze na la kwanza. Simu anayo, mwanafunzi anayo, na dakika moja ya sauti kwa wiki inatosha kumfanya mwalimu mtarajiwa asikike kabla hajapelekwa kufundisha watoto wa watu.

Tunawakaribisha wasomaji wetu, walimu kwa wanafunzi, kuchangia hoja hizi katika matoleo yajayo, hasa wale wanaofundisha Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo, ambako majirani wa Kiswahili ni lugha nyingine na mitego yake ni mingine.